Mto Ulipoingia Katika Tanuru

Kadutu, Jumapili, baada ya Misa

Nsimire wangu,

Umeshuka Ibanda kuwaaga masista waliokufundisha kushona, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia maharage yakichemka. Nimeona nikuandikie sasa, kwa sababu kesho asubuhi pale kwenye lori nitakuwa na kazi moja tu, ya kutolia mbele ya watu, na kazi hiyo haiachi nafasi ya maneno. Papa yako yuko uani na kamba ya kufungia cherehani yako. Anaifunga, anaifungua, anaifunga tena. Ukimuuliza atakuambia anajaribu fundo.

Ninaandika Kiswahili cha masista, unanijua. Kile cha sokoni kwetu kinakataa kukaa kwenye karatasi.

Sitakuambia namna ya kupika, wala ya kutunza nguo zako, wala vijana gani wa kuwakwepa. Hayo yote uliyasikia hapa mpaka ukaziba masikio. Nataka kukuambia habari ya mto. Siku ile uliporudi kutoka bonde la Ruzizi, ukatusimulia kwa furaha kwamba umepata chumba cha duka karibu na soko, kando kabisa ya daraja, "Maman, batu bote banapita pale!", papa yako alinitazama, nami nikatazama sufuria. Wewe ulidhani tumekasirika, ukaenda kulala bila kumaliza chakula. Mwanangu, hatukukasirika. Tulikumbuka tu.

Na sikuandikii ili ukatae chumba hicho. Mimi mwenyewe nilichagua hivyohivyo.

Unajua kwamba kabla ya kuhamia hapa tulikaa kaskazini, kupita Kavumu kidogo, kwenye barabara ya Goma. Papa yako alifundisha shule ya misioni, na mshahara wa mwalimu ulikuwa ukija kama mgeni asiyetoa habari. Mimi nilikuwa nimejifunza kuoka mkate jikoni kwa mapadri, nilipokuwa msichana. Tulipokupata wewe nikamwambia papa yako, nijengee tanuru. Akauliza, wapi? Nikamwambia, penye daraja.

Pale lori zote zilisimama. Daraja lilikuwa jembamba, zikipita moja moja, na madereva walishuka kuchota maji ya mto ya kupooza injini. Abiria walishuka pia, wananyoosha miguu, wana njaa. Mkate ulipotoka, harufu yake ilivuka barabara kabla yangu. Nilikuwa na kibanda cha mbao, meza, beseni kubwa la kukandia unga, na tanuru ya matofali ambayo niliipenda kama mtu. Jirani yangu alikuwa Muzee Kahasha, fundi wa baiskeli, mtu mwembamba mwenye sanduku la vyuma alilorithi kwa mjomba wake. Na juu yetu, kwenye mteremko, nyuma ya migomba, alikaa Mama Cito aliyeuza kasiksi, pombe ya ndizi.

Huyo Mama Cito ndiye aliyeniambia siku tulipoweka tofali la kwanza. Alishuka na kibuyu chake, akasimama mikono kiunoni, akasema: "Mama Nsimire, hapa mto ililala zamani. Angalia hii muchanga. Siku moja itarudi ku kitanda yake."

Nikacheka. Nilifikiri ananionea wivu, kwa sababu wateja wake walilazimika kupanda na wangu walishuka tu kutoka kwenye lori. Nilimjibu, "Itarudi, itakuta mkate." Watu walicheka nami. Kwa muda mrefu nilijiona mwenye akili kwa jibu hilo.

Mto ulipokuja, kwetu hapakuwa na mvua hata tone. Hilo nataka ulielewe, kwa sababu huko uendako ni tambarare, na milima iko mbali. Jua lilikuwa kali, nguo zako zilikuwa kwenye kamba. Mvua ilinyesha kule juu, milimani, tangu asubuhi, sisi tukiona mawingu tu na kusema, leo wale wa juu wamebarikiwa. Kesho yake ilikuwa sikukuu kubwa ya parokia, na mimi nilikuwa nimejaza kibanda unga wa ngano kuliko siku zote. Nikakanda. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni ukiwatengenezea wanasesere wako mikate ya udongo.

Kwanza mto ulinyamaza. Mawe ambayo siku zote yalipiga kelele chini ya daraja yalinyamaza, kwa sababu maji yalikuwa yameyafunika. Mimi sikusikia kunyamaza huko. Ni Muzee Kahasha aliyesikia, akainua kichwa kutoka kwenye gurudumu. Kisha ikaja sauti nyingine, kama lori zito lisilo na dereva, na maji ya rangi ya chokoleti yakapita juu ya ukingo, yakibeba migomba mizima, na mlango wa nyumba ya mtu, bado una kufuli.

Mama Cito alishuka mteremko mbio, mimi sikujua mwanamke mnene anaweza kukimbia vile. Akakunyakua wewe, akakuweka begani kama gunia, akaniita: "Panda! Panda! Mama Nsimire, acha ile bintu! Farini iko na roho?"

Mimi nilikuwa nimeshika gunia la unga. Nilimjibu nakuja. Nikalifikisha mteremkoni, nikalitupa, nikakuona uko salama juu kwenye migomba unanililia. Hapo ndipo nilipaswa kukaa. Nikarudi kuchukua la pili.

Mpaka leo sijui kwa nini. Sikuwa na ujasiri. Watu walisema baadaye kwamba nilikuwa shujaa, nami nikawaacha waseme, lakini ilikuwa ukaidi tu. Nilitaka mto usipate kitu changu. Maji yalinifika kiunoni ndani ya kibanda, gunia likalowa likawa zito kama maiti, na nilipogeuka mlango haukuwa tena na njia. Muzee Kahasha alikuwa ameshafika mahali pakavu na sanduku lake la vyuma. Aliliweka chini. Akafunga mipira ya ndani ya baiskeli mmoja kwa mwingine, ile aliyokuwa ameitundika kwenye mti, akafunga upande mmoja kwenye nguzo ya umeme, akanirushia upande wa pili, akapiga kelele, "Shika, mama! Shika na mikono mbili! Acha hiyo gunia, Mungu wangu, acha!"

Nikaliacha. Alinivuta. Tulipofika juu nikitapika maji ya matope, aligeuka kutafuta sanduku lake, na mahali alipoliweka palikuwa mto.

Alitazama maji kidogo, kisha akavua koti lake akanifunika, maana nilikuwa natetemeka.

Yaliyofuata unaweza kuyafikiri. Maji yalishuka haraka kama yalivyokuja, yakaacha matope. Nsimire, watu wanaogopa maji, lakini kazi iko kwenye matope. Matope yalijaa katika tanuru mpaka mdomoni. Yalijaa katika viatu, katika kitabu cha nyimbo, katika masikio ya kuku waliokufa. Jumamosi yake serikali ilitangaza salongo, kazi ya watu wote, tukafukua barabara na daraja kabla ya kufukua nyumba zetu. Mkubwa mmoja alikuja kutoka mjini na suruali safi, akatuita wananchi hodari, akatuahidi mabati. Mama Cito akaninong'oneza, "Yatakuja na mvua ingine." Tulicheka mpaka yule mkubwa akatuangalia.

Jioni papa yako aliniambia, "Twende Bukavu kwa ndugu yangu. Mto imesema."

"Mto haina kinywa," nikamwambia.

"Mama Nsimire, hatuna hata sahani."

"Nenda wewe. Mimi nabaki na tanuru yangu."

Hakwenda, maana shule ilikuwa na wanafunzi. Lakini tulikubaliana jambo moja, na jambo hilo ndilo ninalotaka kukuambia zaidi ya yote, kwa kuwa kesho si mara yako ya kwanza kuondoka kwetu. Tulikubaliana wewe uende Bukavu, hapahapa Kadutu, kwa tonton, yule ndugu wa papa yako, mpaka nyumba ikauke. Ulikuwa hujaanza shule. Ulilia, ukashika kitambaa changu, ukauliza utarudi lini. Mimi nilikuwa na koleo mkononi na haraka kichwani. Nikakuambia, "Jumapili."

Nilisema Jumapili kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu. Nilitaka uache kulia ili nirudi kuchimba. Mke wa tonton alinisimulia baadaye kwamba Jumapili ile ulivaa gauni lako ukakaa kwenye ngazi. Na Jumapili iliyofuata tena. Halafu ukaacha kuvaa gauni.

Mimi wakati huo nilikuwa najenga. Nilikuwa nataka watu waone moshi wangu kabla ya wa mtu mwingine. Nilitoa matope, nikakusanya matofali yaliyobaki, nikajenga tanuru palepale, penye daraja, siku mbaya baada ya siku mbaya, mikono yangu ikipasuka. Mama Cito alipita akaniambia tanuru mbichi hulishwa moto kidogo kidogo kama mtoto anavyolishwa uji, leo majani, kesho vijiti, na hivyo kwa majuma. Nilikuwa najua hayo. Mapadri walinifundisha. Lakini lori zilikuwa zimeanza kupita tena, na watu wa kijiji cha jirani walikuwa wameanza kuwauzia abiria mahindi ya kuchoma pale mahali pangu. Nikawasha moto mkubwa wa kuni.

Tanuru ililia kwanza, kama kikombe kinapotiwa chai ya moto. Kisha upande wa juu ukaanguka ndani, wote, pamoja na mikate.

Nilikaa chini mbele yake. Wasafiri walinitazama, dereva mmoja akazima injini kwa heshima, kana kwamba amekuta msiba. Muzee Kahasha alikuja akaketi karibu nami. Tangu mafuriko alikuwa akikaa tu pale barabarani, kwa sababu fundi bila vyuma anafanya nini? Watu walimletea baiskeli naye aliwaambia kwa upole waende Kavumu. Sikuwa nimeweza kumtazama usoni majuma yote yale. Nikamwambia, "Muzee, lile sanduku..."

Akanikatiza. "Ile bintu imeenda, mama. Ziwa Tanganyika itajifunza kutengeneza baiskeli." Kisha akasema, "Kama uko nalia juu ya tanuru, lia. Miye nakungoja. Kisha unipatie koleo."

Nililia kweli. Si juu ya tanuru tu.

Siku ileile tulipandisha vyote kwa Mama Cito. Alinipa sehemu nyuma ya nyumba yake, pale alipokuwa akikamua ndizi, hata hakuniuliza. Nikamkumbusha lile jibu langu la zamani, kwamba mto utakuta mkate. Akasema, "Na imekula? Vizuri. Sasa siye tutakula mandazi."

Ndivyo tulivyoanza tena, mwanangu, bila tanuru. Lile gunia la kwanza nililolitupa mteremkoni lilikuwa limelowa upande mmoja tu. Ule upande ulikuwa umegeuka ganda gumu kama ukuta, tukaupasua tukautupa, na katikati tukakuta unga mkavu, mweupe, unaonukia vizuri. Mama Cito alitoa mafuta ya mawese, tukapanga mafiga matatu, nikakaanga mandazi. Nilikuwa mwanamke wa tanuru, niliyewauzia hata wazungu wa shamba la chai. Sasa nakaanga mandazi kama msichana mdogo wa mbele ya shule. Nilijifunika kitambaa usoni siku ya kwanza nikidai ni moshi.

Lakini abiria hawakupanda mteremko. Nilingoja juu, wakala mahindi ya watu wengine chini. Basi nikaweka beseni kichwani, nikasikiliza. Lori likianza kunguruma kwenye kona ya mbali, nashuka, likiondoka, napanda. Mchana kutwa nilishuka na kupanda hivyo. Magoti yangu haya unayoyapaka mafuta yalianzia pale. Na hapo nilijifunza kitu ambacho Mama Cito hakukijua, wala mimi: kwamba hatukuwa na lazima ya kuchagua. Tulikuwa tumeshindana miaka yote, yeye akisema kaa juu, mimi nikisema wateja wako chini. Kumbe unaweza kuuza chini na kulala juu. Kinachouzwa leo kinashuka asubuhi. Kinacholisha kesho, unga, beseni, tanuru, kinakaa mlimani.

Wengine wakatuiga. Muuza chumvi akajenga kichanja huko juu kwenye migomba, akishusha mfuko mmoja tu kwa siku. Fundi wa viatu akatengeneza meza yenye mikono miwili, ya kubebwa kama machela. Tanuru mpya tuliijenga huko juu, kwa udongo uleule uliotuharibia; mto ulikuwa umetuletea mzuri sana wa matofali, lazima niseme kweli. Tuliilisha moto polepole. Nilikwenda kuishika ubavuni kila asubuhi kama mtu anayepima homa, na sikuharakisha.

Tulikuwa na likirimba, kikundi chetu cha akina mama cha kuchangiana kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa mbali. Wale wanawake, ambao nao walikuwa na matope majumbani mwao, walinisogeza mbele bila mimi kuomba. Mama Cito alinifikishia pesa akasema ni za farini, za unga. Nikapanda lori nikaja Bukavu, nikazunguka soko lote la Kadutu, nikamnunulia Muzee Kahasha spana, koleo la kubania, na pampu. Papa yako hakunung'unika. Nilipompelekea Muzee alivigeuza geuza, akajaribu pampu, akaniangalia kwa huzuni. "Mama," akasema, "hii ni pampu ya lori." Lakini aliitumia. Matairi ya baiskeli za nchi ile yalikuwa magumu kama mawe kwa miaka.

Safari hiyohiyo nilipita kwa tonton kukuchukua.

Nilikuwa nimewaza njia nzima jinsi utakavyonirukia. Ulikuwa kwenye ngazi, nyuma ya mke wa tonton, unachambua maharage naye. Ulikuwa umerefuka. Ukanitazama, ukasimama, ukasema kwa adabu, "Jambo, mama," kama anavyosalimiwa mwanamke yeyote. Kisha ukaingia ndani ukaniletea kiti.

Nsimire, nimevutwa kutoka kwenye mto kwa mipira ya baiskeli, nimeona tanuru yangu ikianguka na mikate. Hakuna kilichonishika kama kile kiti. Mgeni ndiye anayeletewa kiti. Nilikaa juu yake, nikanywa maji uliyonipa, nikasema asante.

Ulirudi nami bila kulia. Nyumba yetu ilikuwa sasa mlimani, karibu na kwa Mama Cito, na bado ilinukia udongo. Ulikula, ukaketi ukingoni mwa kitanda, na viatu miguuni. Nikakuambia vua. Ukakataa kwa kichwa. Ulilala navyo. Kesho yake navyo, na kesho kutwa navyo. Papa yako alisema nikuache. Nadhani ulikuwa unangoja kupelekwa tena, hukutaka kukutwa bila kujiandaa.

Halafu jioni moja, nilipokuwa nakusuka, ukauliza, "Mto iko nalala sasa?"

Nilikuwa na neno karibu, kama lile la Jumapili. Ndiyo, imelala, haitaamka. Nilihisi kichwa chako kidogo kati ya magoti yangu kinangoja. Nikakuambia, "Sijui, mama. Inaweza kurudi. Lakini siye tunalala huku juu, na ikirudi miye nitakubeba wewe kwanza, sitabeba kitu kingine."

Nikamaliza upande mzima wa nywele. Kisha ukainama, ukafungua kamba za viatu, kimoja, na kingine, ukavisukuma chini ya kitanda. Ukasema, "Maman, unanivuta sana."

Maman. Nikalegeza mkono.

Mto ulirudi, unajua. Ulirudi mara mbili kabla hatujahamia hapa papa yako alipopata shule ya Ibanda. Mara ya kwanza ulichukua meza ya mandazi na mwavuli. Mara ya pili hatukupoteza kitu ila usingizi. Tanuru Mama Cito bado anaoka nayo na binti yake, na ukipita na lori la Goma utaisikia harufu.

Basi nenda kwenye chumba chako cha darajani, mpenzi wangu. Ni mahali pazuri, umechagua vyema, nami ningekichukua vilevile. Ila tafuta mtu wa juu. Siku za kwanza, kabla hujatundika hata kitambaa kimoja, panda ukajulikane na mama mmoja wa mlimani au wa kile kiinuko nyuma ya misioni, mshonee kitu. Mvua zikianza, cherehani na vitambaa vya watu vilale kwake, nawe pia. Na akikuambia jambo kuhusu mto usimjibu kwa mzaha, hata kama mzaha wenyewe ni mzuri. Ukiona mawingu milimani, uliza. Siku maji yatakapokuja, acha cherehani ilipo. Papa yako atakuambia ni ya gharama, na fundo lake lile halitafunguka, kwa hiyo usijaribu.

Na ukipoteza vyote, labda utaona haya kurudi kwetu mikono mitupu. Mimi niliona haya, nikakaa na tanuru, nikamwacha mtoto kwenye ngazi. Wewe rudi. Lori za bondeni huchelewa, kwa hiyo ukikuta tumelala usigonge mlango wa mbele, papa yako masikio yamechoka. Zunguka, gonga dirisha la jikoni. Mimi nalala upande huo. Usiseme jina lako, nitakujua kwa kugonga.

Ni mimi,
maman yako